Daktari wa Ngozi Italia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Malindi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa Malindi, Mambrui, Watamu na Lamu ambao wako Italia kwa kazi, kwa ndoa au kwa ziara, na ambao ngozi imewasumbua kabla lugha haijawakaa sawasawa mdomoni. Nimewasindikiza jamaa kwa madaktari wa ngozi huko mara kadhaa, na nimeona kwamba jambo linalomkwamisha mgonjwa si uchache wa maneno anayoyajua. Linalomkwamisha zaidi ni yale anayodhani anayajua.

Nimezoea Kiitaliano cha Malindi. Je, hakitoshi?

Kiitaliano kimekuwa nasi muda mrefu. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, ilirushwa mwaka 1967, na tangu zamani hizo wachuuzi, madereva na wahudumu wa hoteli wamejifunza lugha hiyo kwa masikio tu. Kiitaliano hicho kinatosha kusalimiana, kutaja bei na kuelekeza njia. Kwa daktari wa ngozi kinapungua, kwa sababu yeye anataka kujua hisia yenyewe ni ya namna gani. Sisi mara nyingi husema "inaniuma" na kuishia hapo, ilhali yeye hutenganisha mambo matatu: "prurito" ni mwasho, "bruciore" ni kuchoma kama pilipili, na "dolore" ni maumivu. Tofauti hizo humwelekeza kwenye magonjwa tofauti. Mwasho unaozidi usiku, hasa ikiwa watu wengine nyumbani nao wanajikuna, humfanya afikirie upele unaosababishwa na vidudu vinavyochimba ngozi; maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili, yanayofuatwa na malengelenge siku chache baadaye, humfanya afikirie mkanda wa jeshi. Ukijifunza maneno hayo matatu tu kabla ya kwenda, umeshamsaidia daktari kwa kiasi kikubwa.

Nianzie wapi?

Inategemea hadhi yako nchini humo. Mwenye kibali cha kuishi kwa ajili ya kazi au familia husajiliwa katika huduma ya afya ya taifa, akapewa kadi ya afya na daktari wa familia. Daktari huyo hatozi ada ya kumwona, na ndiye anayekuandikia karatasi ya kwenda kwa mtaalamu, inayoitwa "ricetta" au "impegnativa". Ukiwa na karatasi hiyo unaweka miadi kupitia ofisi ya CUP, kwa simu, dirishani au katika baadhi ya maduka ya dawa.

Iangalie karatasi hiyo vizuri kabla ya kuondoka, kwa maana ina herufi inayoamua utasubiri muda gani. U ni ndani ya saa 72, B ni ndani ya siku 10, D ni ndani ya siku 30 kwa kumwona mtaalamu, na P ni ndani ya siku 120. Iwapo doa lako linakua au linatoa damu, na umeandikiwa P, rudi umweleze daktari wa familia upya, kwani huenda hakukuelewa mara ya kwanza. Malipo ya kuchangia huitwa "ticket", na yapo makundi yanayosamehewa kwa sababu ya kipato, ujauzito au ugonjwa wa kudumu. Uliza kama umo.

Asiye na kibali pia ana haki ya matibabu ya dharura na yale ya lazima. Hupewa namba inayoitwa STP, inayodumu miezi 6 na inayoweza kuongezwa muda, na sheria ya Italia ya mwaka 1998 inayowahusu wageni inasema wazi kwamba kwenda kutibiwa hakupaswi kumfanya mtu aripotiwe kwa wakuu wa serikali. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakikaa na vidonda vinavyotoa usaha kwa hofu tu.

Bima niliyokata kwa ajili ya viza itanilipia?

Bima ya viza ya Schengen inapaswa kufikia angalau yuro 30,000, lakini imekusudiwa dharura na kurudishwa nyumbani. Ukurutu ulionao tangu utotoni kwa kawaida hauingii humo. Soma mkataba, na kama utalazimika kwenda kliniki ya kulipia, uliza bei ya kumwona daktari na bei ya kila kipimo kabla hujavua viatu.

Je, naweza kupata mkalimani?

Hospitali nyingi za umma hufanya kazi na watu wanaoitwa "mediatori culturali", yaani wapatanishi wa kitamaduni, ambao hutafsiri maneno na pia hueleza desturi za pande zote mbili. Omba mapema, wakati wa kuweka miadi, na utaje Kiswahili kwa jina lake, "swahili", kwa kuwa ukisema tu kwamba unatoka Kenya unaweza kupangiwa mtu wa Kiingereza. Ikiwa hakuna wa Kiswahili, fikiria ni lugha gani ya pili unayoimudu kweli. Kuna wazee wa Lamu ambao Kiarabu chao ni bora kuliko Kiingereza chao, na wapatanishi wa Kiarabu ni rahisi zaidi kupatikana.

Walio Roma wana bahati ya pekee. Katika mtaa wa Trastevere, kwenye jengo la hospitali ya San Gallicano iliyoasisiwa mwaka 1725 kwa ajili ya wagonjwa wa ngozi, ipo taasisi ya taifa ya afya ya wahamiaji, INMP, ambayo imezoea kuwapokea wagonjwa wa lugha nyingi pamoja na wapatanishi wao.

Mtoto wangu anasoma shule huku na anajua Kiitaliano. Anitafsirie?

Msimbebeshe mtoto mzigo huo. Daktari wa ngozi anaweza kuuliza kuhusu sehemu za siri, kuhusu ndoa, kuhusu ukimwi, au akatamka neno "tumore", yaani uvimbe, pengine wa saratani, na mtoto wa miaka 10 ndiye atakayelipokea neno hilo kwanza kisha aamue kama akwambie au akufiche. Mume au mke naye ana shida yake. Mara nyingi yeye huzungumza badala yako, na yapo mambo ambayo mwanamke hatayasema mbele ya mumewe, kama vile krimu ya kujichubua anayoipaka kwa siri. Mtu mzima wa jinsia yako, asiyekaa nyumba moja nawe na anayejua kutunza siri, anafaa zaidi.

Na programu ya kutafsiri kwenye simu?

Inasaidia, ila iandalie sentensi fupi zilizonyooka, na uhakikishe lugha zote mbili umezipakua kabla, maana vyumba vingine vya hospitali havina mtandao. Tatizo kubwa ni kwamba maneno yetu ya mwili yamebeba maana nyingi, na simu huchagua moja bila kukuuliza. Nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kliniki moja kaskazini mwa Italia, akasema "mguu unaniwasha", na simu ikatumia kitenzi cha kuwasha taa. Daktari akadhani ameungua, na dakika za kwanza za miadi tuliyoingojea wiki kadhaa zikaisha kwa maswali ya moto na maji yanayochemka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyaorodhesha maneno ya namna hiyo. "Mkono" kwetu ni kuanzia bega hadi vidole, na "mguu" ni kuanzia nyonga hadi unyayo, ilhali Mwitaliano ana "braccio" na "mano" (kiganja na vidole vyake), "gamba" na "piede" (unyayo na vidole vyake). Usitaje tu, onyesha kwa kidole. "Nimeumwa" inaweza kuwa umekuwa mgonjwa au umeng'atwa na mdudu, na kwa daktari wa ngozi tofauti hiyo ndiyo kila kitu. "Nina sukari" simu itasema unayo sukari mfukoni, ilhali unamaanisha kisukari, ugonjwa ambao daktari lazima aujue kabla ya kukukata ngozi au kukupa vidonge vya steroidi. "Upele" ni vipele vyovyote na pia ni jina la ugonjwa mmoja wa kuambukiza. "Ngozi imechafuka" na "damu chafu" ziache nyumbani kabisa, kwa sababu zikitafsiriwa huwa kama unakiri kwamba huogi. Njia nzuri ya kujikinga ni kuirudisha tafsiri: chukua Kiitaliano ulichopewa, ukitafsiri tena kwa Kiswahili, uone kama sentensi yako ingali hai.

Niandike nini kabla ya kwenda?

Andika ukurasa mmoja, si zaidi. Kama una barua ya daktari wa Kenya iliyoandikwa kwa Kiingereza, ibebe, kwa kuwa madaktari wengi wa Italia huweza kuisoma hata kama hawakizungumzi kwa wepesi. Ukurasa wako useme ugonjwa ulianza lini, ulianzia wapi mwilini, umesambaa vipi, unazidishwa na nini na unatulizwa na nini, magonjwa yako mengine, dawa unazokunywa, na dawa zilizowahi kukudhuru. Mwenye mzio wa penisilini aandike kwa herufi kubwa kabisa "sono allergico alla penicillina", au "allergica" ikiwa ni mwanamke.

Katika kutaja wakati sisi watu wa pwani tunahitaji uangalifu wa ziada. Usiandike kwamba uliibuka wakati wa kaskazi au baada ya mfungo wa sita. Andika mwezi na mwaka. Saa nazo zibadilishe: saa mbili asubuhi kwao ni nane, na karatasi ya miadi iliyoandikwa "ore 14.30" ni saa nane na nusu mchana. Nimemjua mtu aliyekosa miadi kwa kwenda saa nane mchana kwa sababu aliambiwa "alle otto", akaona nane ni nane. Hata usiku tunauhesabu tofauti, kwa kuwa usiku wa Ijumaa kwa mzee wa Lamu ni ule unaofuata Alhamisi, na kwao ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa.

Piga picha pia. Vipele vingine huibuka usiku na kutoweka asubuhi, na siku ya miadi ngozi inakuwa shwari kana kwamba ulisema uongo. Picha iliyopigwa mchana karibu na dirisha, bila taa ya simu, pamoja na tarehe yake, haihitaji mkalimani.

Kwa nini daktari anauliza sana nilipaka nini?

Kwa sababu mara nyingi jibu liko hapo. Mletee tyubu na chupa zenyewe, hata zilizokwisha. Jina la biashara la Malindi huenda halijulikani Italia, lakini kwa maandishi madogo kuna jina la dawa yenyewe, ambalo hufanana karibu dunia nzima, na daktari atalitambua mara moja.

Jambo la kwanza ni zile krimu za duka la dawa zilizochanganya steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ndani ya tyubu moja. Kwetu hununuliwa kama sabuni. Steroidi hutuliza mwasho, lakini ikipakwa juu ya choa, fangasi huendelea kusambaa huku mduara wake ukipoteza sura, hata daktari mzoefu akashindwa kuutambua kwa macho. Akijua ulichopaka, atakwangua magamba kidogo ayapeleke kwenye darubini, na pengine atakuambia uache kupaka chochote kwanza.

Jambo la pili ni piko. Wengi wetu husema "hina" kwa kila kinachochorwa mikononi, na daktari akisikia hina hutulia, kwa sababu hina halisi ni majani na mara chache huleta madhara. Piko ni rangi nyeusi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenediamini ambayo huweza kumwamshia mtu mzio wa maisha. Sheria za Ulaya zinaikubali katika rangi za nywele kwa kiwango maalumu, lakini si kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Ikiwa bibi harusi alifura mikono baada ya kuchorwa, na miaka 5 baadaye kichwa kinamtoka malengelenge kwa rangi ya nywele aliyoinunua Milano, mambo hayo mawili ni hadithi moja, na ni yeye peke yake anayeweza kuisimulia. Taja pia singo, liwa, mafuta ya nazi, udi na manukato, bila aibu, kwa kuwa ni vitu vya kawaida ambavyo daktari huyo hajawahi kuviona.

La tatu ni krimu za kujichubua. Baadhi zina zebaki, ambayo hupita kwenye ngozi na kuathiri figo. Baadhi zina steroidi kali kama klobetasoli, inayoifanya ngozi kuwa nyembamba na kuacha michirizi isiyofutika. Tafadhali sema ukweli. Ukificha, utatibiwa chunusi miezi mitatu ilhali chunusi hizo zinaletwa na krimu unayoendelea kuipaka kila usiku.

Ngozi yangu ni nyeusi. Atauona ugonjwa wangu?

Daktari mzuri atauona, lakini msaidie. Wekundu anaoutafuta kwenye ngozi nyeupe, kwetu huonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na wakati mwingine hauonekani kabisa bali husikika kwa joto la kiganja. Mwambie rangi ya kawaida ya ngozi yako ni ipi, na umwonyeshe sehemu iliyo salama ili alinganishe.

Kabla hajachoma au kukata chochote, mwambie kama katika familia yenu makovu huvimba yakawa makubwa kuliko jeraha lenyewe, hasa kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio. Neno lao ni "cheloide". Na ikiwa anataka kukugandisha chunjua kwa nitrojeni ya maji, ambayo ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, uliza kuhusu alama nyeupe, kwa sababu baridi hiyo inaweza kuziua chembe zinazotoa rangi, na doa jeupe juu ya mkono mweusi huonekana kwa mbali.

Je, naweza kuomba daktari mwanamke?

Unaweza, na ni vyema uombe wakati wa kuweka miadi: "Vorrei essere visitata da una dottoressa." Huduma ya umma haikuhakikishii kwamba atapatikana siku unayoitaka. Jua pia kwamba daktari wa ngozi akiwa makini ataomba kuona mwili wote, hata kama shida iko kidoleni, na si utovu wa heshima. Kuna magonjwa yanayojificha kisogoni, kitovuni au kwenye kucha. Unaweza kufunuliwa sehemu moja baada ya nyingine huku nyingine zikibaki zimestiriwa. Vaa kanga au nguo pana chini ya buibui.

Ni vipimo gani nitakavyofanyiwa?

Mara nyingi ni kioo chenye taa kinachowekwa juu ya doa, na hakiumi. Kipimo cha mzio hubandikwa mgongoni kwa saa 48, na katika muda huo usiuloweshe mgongo wala usifanye kazi ya jasho. Kisha unarudi kusomwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usikikubali ikiwa ndege yako ni keshokutwa. Kipimo cha kukata kinyama kidogo hufanywa kwa sindano ya ganzi, na kabla yake utapewa karatasi ya ridhaa. Sheria namba 219 ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa kwa namna unayoielewa na haki ya kukataa. Usitie sahihi kwa heshima tu. Sema "non ho capito, può scriverlo?", yaani sijaelewa, waweza kuliandika?

Nimepewa dawa. Nitajuaje kama nimeelewa?

Rudia mbele ya daktari au mfamasia ulichosikia, kwa vidole ikibidi: dawa ipi, wapi, mara ngapi, siku ngapi. Usitosheke na kutikisa kichwa. Mfano unaonitia hofu kuliko yote ni metotreksati, dawa ya soriasi kali (ugonjwa wa ngozi yenye magamba), ambayo hutumiwa mara moja kwa wiki. Mtu akiinywa kila siku inaweza kumuua. Tofauti kati ya "una volta alla settimana" na "una volta al giorno" ni maneno mawili, basi mwambie mfamasia akuandikie siku yenyewe juu ya boksi, nawe uandike chini yake Jumatatu au Alhamisi kwa mkono wako. Vidonge vya isotretinoini kwa chunusi kali navyo haviruhusiwi kabisa kwa mwanamke mjamzito au anayeweza kushika mimba bila kinga, kwa sababu vinamlemaza mtoto tumboni.

Kwa krimu, kiasi huelezwa kwa kidole: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza ni takriban nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Na usishangae mfamasia akikataa kukuuzia steroidi kali bila karatasi ya daktari.

Ramadhani nifanyeje?

Kwa maulamaa wengi, krimu na marhamu ya kupaka juu ya ngozi hayafunguzi. Vidonge vya kumeza vinafunguza, kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba utakuwa umefunga, aone kama dozi inaweza kuwekwa wakati wa futari na daku. Ukiwa na shaka kuhusu kapsuli zenye jelatini ya nguruwe, muulize mfamasia. Mara nyingi huweza kukutazamia aina nyingine.

Ni wakati gani nisisubiri miadi?

Piga 112 au nenda "pronto soccorso", yaani idara ya dharura ya hospitali, ikiwa midomo au ulimi unavimba na pumzi inakuwa nzito. Nenda pia mara moja ikiwa, baada ya kuanza dawa mpya, hasa za salfa au za kifafa, ngozi inauma, inatoka malengelenge au inachubuka, na macho au mdomo una vidonda. Beba boksi la dawa hiyo. Ngozi nyekundu yenye joto inayosambaa kwa kasi pamoja na homa nayo haingoji.

Narudi Malindi wiki ijayo. Niondoke na nini?

Omba "referto", ile ripoti ya maandishi yenye jina la ugonjwa, na nakala ya majibu ya vipimo. Kama majibu hayajatoka, na ya fangasi yanaweza kuchukua wiki kadhaa, uliza yatakufikiaje, na uwaachie anwani ya barua pepe unayoifungua kweli. Mwombe daktari aandike majina halisi ya dawa, si ya biashara tu, pamoja na nguvu zake kwa asilimia, kisha kabla ya kusafiri mtumie picha ya karatasi hiyo mfamasia wako wa Malindi akueleze zipi zinapatikana. Ile isiyopatikana, nunua ya kukutosha ukiwa bado huko, na tyubu ziweke kwenye begi la mkononi zikiwa chini ya mililita 100 kila moja, pamoja na karatasi yake.